Daraja la Pili

Nyumba ilikuwa karibu nzima, ila ilikuwa imehama. Ilikuwa mita sita kutoka kwenye msingi wake, imeinamia shamba la ngano kama ng'ombe aliyechoka.

Verlin Krehbiel aliizunguka akitabasamu. Bosi wake wa kituo cha hali ya hewa alimwambia apumzike siku hiyo, akakataa katakata. Kwa miaka kumi na mmoja wenzake walimcheka kwa kuiamini mno faharisi, ile hesabu inayozidisha joto, unyevu na jinsi upepo unavyojipinda kadiri unavyopanda juu. Ikivuka moja, tarajia tornado kali. Jana asubuhi ilisoma saba. Verlin aliitangazia nusu ya Kansas kwamba kali inakuja, akaweka jina lake chini.

Ikaja moja tu. Ikapita mashambani, na ngano haimpi mtu ushahidi. Tornado hupewa daraja kwa ilichobomoa, na kali ni kuanzia daraja la pili. Jengo lililoguswa lilikuwa hili peke yake.

"Nyumba kuhama msingi ni la pili, mzee," alisema Tessa, mhandisi kijana aliyetumwa kutoka jimbo jirani kuhakiki vipimo. "Mradi iwe ilifungwa kwa bolti."

"Basi andika la pili."

"Tuangalie kwanza."

Mwenye nyumba, Nadine, alikuwa amekaa kwenye ngazi za handaki lililomwokoa, blanketi mabegani. Alimmiminia Verlin kahawa kutoka kwenye chupa, sukari vijiko vitatu, bila kumuuliza. Verlin alishindwa kumtazama usoni. Mwanamke hana pa kulala, na yeye moyoni anashangilia! Alijionea aibu.

"Umefurahi, eh?" Nadine alimuuliza.

"Kidogo."

Verlin akapiga magoti kwenye msingi, akapangusa tope. Akapangusa tena. Bolti hakuna. Misumari tu, tena ya kuhesabu, mingine imepinda hata kabla ya kuzama.

"Yesu wangu!" Tessa akacheka. "Fundi gani huyu?"

"Mvivu," Verlin alisema kwa uchungu. "Mvivu na mbishi. Anajifanya anajua kila kitu."

"Ndiyo hivyo, mzee, ni daraja la kwanza. Nyumba kama hii haihitaji upepo mkali kuisukuma. Pole."

Daraja la kwanza! Kesho ofisini watamcheka mpaka wamwage kahawa. Miaka kumi na mmoja ya ubishi imekwenda na maji kwa ajili ya misumari. Verlin alibaki palepale chini, masikio yakimwaka moto.

Tessa akageukia ngazi. "Mama, fomu inataka jina la fundi. Unamkumbuka?"

"Nitamsahauje?" Nadine alisema. "Muulize mume wangu, huyo hapo aliyepiga magoti. Wikendi nne nilimtuma akanunue bolti, akaniambia upande huu faharisi haipandi."