Sauti ya Mama kwenye CD

Mahira aliigeuza CD kuelekea dirishani. Palipochomwa, yaani paliporekodiwa, huwa peusi kidogo. Hapa peusi palikuwa duara jembamba kama uzi, kwengine kote kulimeta.

Sauti ya marehemu mama yake, akiimba kasida jikoni, haikuingia.

Uchomaji ulikwama mwanzoni tu, naye hakuhakikisha. Alikuwa na hamu ya kutiliwa diski mpya ya ndani, kompyuta iende mbio. Ile kuukuu, iliyokuwa na sauti, fundi alikwisha kuifuta kwa ruhusa yake mwenyewe.

"Ningelisubiri hata kidogo," alinong'ona.

Baba yake akaingia kutoka msikitini, akavuta kiti karibu na spika.

"Haya, mwanangu, tuwekee tumsikie mamako. Leo silii."

Mahira aliitia CD, akamshika baba mkono, akabonyeza.