Taa ya Kijani

Tangu kliniki igawe kofia za umeme, mgonjwa wa mishipa ya fahamu hasemi tena kwamba amechoka. Taa ya kofia ndiyo inayosema: ikiwa kijani, hajachoka.

Kila asubuhi Salha alivaa yake, akapanda baiskeli isiyokwenda popote pale sebuleni, akakanyaga pedali dakika arobaini alizopangiwa na kliniki. Kofia ilimwondolea uchovu kichwani. Miguuni ulibaki, ila hakuusikia.

Leo, aliposhuka na kwenda kuinua sufuria ya uji, ilimponyoka. Wifi yake Bishara akaja na tambara, akicheka.

“Wifi, siku hizi hata sakafu inakunywa uji?”

“Mikono imekataa, Bishara. Nadhani nimechoka.”

Bishara akaitazama kofia. “Na hiyo kijani? Acha mambo yako!”

Zamani angempa pole. Sasa mwenye taa ya kijani hapewi pole.

Salha akaingia bafuni, akafunga mlango, akavua kofia. Uchovu ukamrudia wote kwa mpigo, mzito, wa kwake mwenyewe. Akaketi sakafuni, akajishika magoti yaliyokuwa yakitetemeka.

“Pole, Salha,” akajiambia, na machozi yakamtoka.

Kofia ikaanza kupiga kelele mkononi. Bishara akagonga mlango.

“Wifi, vaa! Wakija wa kliniki watakuongezea dakika!”

Akavaa. Kelele ikakoma, na uchovu ukapotea. Magoti yaliendelea kutetemeka.

“Haya, unajisikiaje sasa?” Bishara aliuliza kwa upole nje ya mlango.

Salha aliinuka akishika ukuta. Akajivuta hadi kwenye kioo, akaangalia taa ya kofia.

“Kijani,” akasema.