Kinu cha Ubatizo

Gari la makao makuu lilinguruma nje ya kanisa. Mchungaji Tsuma alikuwa ameshaandaa kamba. Kinu walichobatiziwa Wamethodisti wa kwanza wa mji huo kilikuwa kinapelekwa makumbusho ya sinodi.

Bi Kadzo akaingia, mjukuu mgongoni. Bila hata kubisha hodi, akamimina ndoo nzima ya maji kinuni.

"Mama, tumeshapatana na wazee."

"Na huyu mlipatana naye lini?" Akafungua kanga, akamsogezea mchungaji mtoto. "Bibi yangu alibatiziwa humu. Mbatize, ndipo mkichukue."

Tsuma alijua: akibatizwa huyu, kesho kina mama wote wataleta watoto wao, na kinu hakitatoka tena.

Honi ikalia. Akaitazama kamba, kisha akamgeukia mtoto. Akaanza kukunja mkono wa joho.