Picha ya Kifua

Mwinshehe alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, bahasha ya picha ya kifua chake mapajani, mama wa pembeni yake alipomtambua.

"Wewe si Daktari Faraji wa kwenye runinga?"

"Mimi mwigizaji tu, mama."

"Najua, mwanangu. Hebu nitazamie hii."

Kwa mazoea, Mwinshehe akasimama akaiinua picha ya yule mama dirishani. Mwongozaji alimfundisha hivyo: tazama, hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, ndipo useme. Mwongozaji huyohuyo, juzi, alichoshwa na kikohozi kilichokuwa kikimkatisha Mwinshehe maneno. Akapimwe, alimwambia, la sivyo Faraji atakufa kwenye mchezo.

Moja, mbili, tatu.

"Tumsubiri daktari mwenyewe," akasema, kwa sauti ya Faraji. Hata hivyo mama akashusha pumzi, mabega yakamlegea.

"Ahsante. Na hiyo yako?"

Tangu alipokabidhiwa bahasha hakuthubutu kuifungua. Sasa benchi zima lilikuwa limemgeukia. Akaitoa picha, akaiinua. Upande wa kushoto palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya hindi.

Moja, mbili, tatu.

Nne. Tano. Mama alikuwa akimtazama mdomoni, akingoja aseme.