Mende Aliyepata Kazi Kichuguuni

Zamani ambazo hata mabibi wa mende hawazikumbuki, jaa lilifungwa kwa sababu kila takataka ilipatiwa matumizi. Mende, mvivu mwenye maneno matamu, akabaki hana pa kula, akaenda kuomba kazi kichuguuni kwa mchwa.

"Karibu, shemeji, kazi ipo," alisema Mchwa mnyapara. "Kwetu hakitupwi kitu, wala hafukuzwi mtu."

Mende alifurahi mno. Mahali wasipofukuza mtu, alijiambia, ndipo pa kulala. Alikunywa uji aliopewa, akabeba udongo asubuhi moja tu, kisha akajishika kiuno. "Jamani, mgongo! Nimechoka mie, nimekwisha kabisa."

Mchwa wakatua mizigo, wakamzunguka taratibu, wakaanza kumlamba miguu kwa upole.

"Pole, shemeji, na ahsante kwa kazi," alisema mnyapara. "Ule uji uliokunywa leo asubuhi ni mwenzetu aliyechoka jana."

Mende aliruka, akabeba madongoa mawili kwa mpigo. "Nilikuwa natania, bwana! Mgongo wa chuma huu!"

Tangu hapo hakukaa kitako. Siku moja Nyenje, aliyeajiriwa karibuni, alimsogelea akihema. "Kaka Mende, magoti yananiuma. Hivi humu mtu hupumzika wapi?"

Mende alitaka kumwambia akimbie. Alipofungua kinywa, kikamjaa mate.

"Njoo nikukande, mdogo wangu," akasema.