Kibonyezo Kilichokufa

Miaka arobaini baada ya kuhamia New York, Evaristo aliketi tena mbele ya piano ya marehemu mama yake, huko Matanzas, mji wa pwani alikozaliwa. Kidole chake kilikwenda chenyewe kwenye kibonyezo cha katikati, chenye ufa kama ukucha uliopasuka.

Kibonyezo hicho kiliuawa na chumvi ya bahari kabla hajaota ndevu. Alijifunza kukiruka, akiacha pengo dogo la kimya. Ugenini, pengo hilo ndilo lililompa jina. Wajuzi wa jazi waliandika kwamba ni kimya cha mtu anayelilia kwao.

"Piga ile danzoni ya mama, muziki wake wa dansi," dada yake alisema kutoka jikoni. "Au Wamarekani wameshakuharibu?"

Akapiga. Alipofika kwenye kibonyezo kile, akakiruka.

"Mbona unakiruka?" Dada alitokea mlangoni, mikono kiunoni, akijizuia asicheke. "Nimekitengenezesha, mjinga wewe! Fundi kashinda hapa siku tatu. Kibonyeze!"

Akakibonyeza. Kikalia, sauti safi, ikajaa sebuleni.

Dada alifuta macho kwa upindo wa gauni. "Haya, sasa ipige nzima. Nimeingoja miaka yote hii."

Evaristo aliinua mikono, ikabaki hewani. Danzoni ile, ikiwa nzima bila pengo, hakuwahi kuipiga.