Mkono wa Fimbo

Kama kila asubuhi, Mwanatumu aliipasha ngoma kwenye moto wa makumbi hadi ngozi ikavutika, akaanza mazoezi: kiganja kushoto, fimbo kulia. Kabla hajafika mbali, mwalimu wake, Bwana Shehe, akaidaka fimbo hewani.

"Legeza kifundo cha mkono, mwanangu. Unapiga ngoma, hutwangi."

"Jana uliniambia nikaze, mwalimu."

"Jana ilikuwa jana."

Akalegeza, akaambiwa fimbo inalala. Akakaza, akaambiwa anaua sauti. Akajaribu katikati, na jirani aliyekuwa akifagia akaanza kuchezesha mabega. Mwalimu akatikisa kichwa tu. Mwanatumu akautazama mkono wake kama si wake. Kesho yake kulikuwa na harusi, ngoma yake ya kwanza, na bila idhini ya mwalimu asingepiga.

"Basi nionyeshe wewe," alisema taratibu.

Bwana Shehe akainua fimbo. Ncha ikatetemeka, ikagonga ukingo wa mbao badala ya ngozi. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Akaitia fimbo mkononi mwa Mwanatumu, lakini hakuiachia.

"Mkono wako hauna kosa," alisema. "Ukipiga wewe kesho, mimi nitakaa wapi?"